Kumuuliza mgombea au msanii mtandaoni: maswali tunayoulizwa zaidi Arusha na Moshi

Sisi ni wakazi wa Arusha na Moshi tunaojitolea kukusanya maswali ya wananchi, kuyapanga, na kuyafikisha kwa wagombea na watu maarufu kwenye vipindi mubashara vya jioni. Ukurasa huu unajibu yale ambayo watu hutuuliza kabla hawajauliza. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: anayeomba kura yako, au anayekushawishi utoe pesa yako, anadaiwa majibu na wewe. Kazi yetu ni kukusaidia umuulize kwa namna ambayo hatapata upenyo wa kukwepa.

Kwa nini nimuulize mtandaoni wakati atakuja kwenye mkutano?

Nenda mkutanoni, ni vizuri. Lakini mkutano wa kampeni ni wa mgombea. Jukwaa lake, spika zake, msanii wa kuchangamsha watu kamleta yeye, na mwenye maiki ndiye anayeamua mkono wa nani umeonekana. Ukifanikiwa kuuliza, jibu linamezwa na muziki, na kesho yake hakuna mwenye ushahidi wa kilichosemwa.

Kuna sababu nyingine pia. Kuanzia 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nje ya msimu wa kampeni. Kwa miaka hiyo watu walihamishia mazungumzo kwenye simu, na walipozoea hawakurudi nyuma. Jibu lililoandikwa lina tarehe. Unaweza kulirudia baada ya miaka mitatu ukamwonyesha aliyelitoa.

Nimuulize nani kuhusu nini?

Hapa ndipo maswali mengi yanapopotelea, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Anza na jimbo. Mtu wa Usa River anamuuliza mgombea wa Arusha Mjini habari za barabara yake, wakati yeye yuko Arumeru Mashariki. Wa Ngaramtoni yuko Arumeru Magharibi. Upande wa Kilimanjaro, Himo ni Vunjo, Boma Ng'ombe ni Hai, Kibosho ni Moshi Vijijini. Mgombea mjanja akigundua umekosea jimbo atajibu hilo tu, na swali lako litakuwa limekufa.

Kisha angalia madaraka. Mbunge hajengi barabara. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na barabara kuu ziko TANROADS. Maji ya mjini Arusha ni AUWSA, Moshi ni MUWSA, vijijini ni RUWASA. Umeme ni TANESCO. Kwa hiyo mgombea akikuahidi "nitawaletea lami", mwulize ataileta kwa njia gani: atambana waziri gani, kwenye bajeti ya mwaka gani, na akikataliwa atafanya nini?

Vipo vitu ambavyo mbunge anavishika moja kwa moja. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, una kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge mwenyewe. Anayetetea kiti chake aulizwe mfuko huo ulifanya nini, shule gani, kisima gani, kiasi gani. Hapo hana waziri wa kumsukumia mzigo.

Diwani naye watu wanamsahau. Wanamwachia mbunge maswali yote, halafu ushuru wa soko, usafi, vibanda na bajeti ya halmashauri vinapitishwa kwenye Baraza la Madiwani. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatoka halmashauri. Mama lishe wa soko la Kilombero, Arusha, na muuza mitumba wa soko la Mbuyuni, Moshi, wana maswali mengi zaidi kwa diwani kuliko kwa mbunge, ila bahati mbaya wagombea udiwani ndio wasioitwa kuhojiwa. Sisi tunawaita.

Kwa watu wa Moshi: kila msimu wa uchaguzi mtaahidiwa kwamba manispaa itakuwa jiji. Uamuzi huo haumo mikononi mwa mbunge. Mwulizeni hadhi hiyo itabadilisha nini kwa mtu wa Pasua au Njoro, na stendi ya Ngangamfumuni, ambayo ujenzi wake umesuasua kwa miaka, inahusikaje na ndoto hiyo.

Swali langu liandikweje ili lijibiwe?

Liwe na mahali, liwe na muda, liwe na kitu kinachoweza kuhesabika. Na liwe moja.

Chukua mfano wa maji. Swali linalokuja mara nyingi ni hili: "Mheshimiwa, maji lini?" Majibu yake yote mnayajua: mchakato unaendelea, serikali sikivu inalifanyia kazi, tuvute subira. Sasa liandike hivi: "Mradi mkubwa wa maji Arusha uligharimu shilingi bilioni 520, ukalenga kutoa uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku. Mtaani kwetu Muriet tunapata maji siku mbili kwa wiki. Tatizo liko kwenye uzalishaji au kwenye mabomba ya usambazaji, na ndani ya mwaka wako wa kwanza utafanya nini kuhusu hilo?" Mgombea aliyeulizwa hivi hawezi kujibu "mchakato unaendelea". Ni lazima aseme uzalishaji au mabomba, na akishachagua moja, umempata.

Au madini ya floridi, ambayo yamewaachia watu wengi wa Arusha na Meru meno ya kahawia tangu utotoni, na wengine mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Usiulize "mtatusaidiaje na floridi?" Uliza: "Utahakikisha vipimo vya floridi vya kila chanzo kinachotuhudumia vinabandikwa hadharani, ndiyo au hapana? Kama ndiyo, mara ngapi kwa mwaka?" Suala linalogusa meno ya mtoto wako lina haki ya kupata namba.

Maswali matatu ndani ya ujumbe mmoja ni zawadi kwa mgombea. Atachagua jepesi.

Takwimu za kumbana nazo nizipate wapi?

Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni mwezi wa nne. Zipo kwenye tovuti ya ofisi hiyo bure, na ile ya serikali za mitaa inataja halmashauri kwa majina. Fungua, tafuta jina la halmashauri yako, soma kurasa hizo tu. Kwa anayetetea ubunge, tovuti ya Bunge ina Taarifa Rasmi za vikao, yaani Hansard, kwa hiyo unaweza kuona alichosimama kukisema na alichonyamazia.

Ukitaka hati ambayo haijawekwa hadharani, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho ya kampeni.

Nimejibiwa maneno mengi lakini sijaelewa amesema nini. Nifanyeje?

Rudia swali lile lile, kwa maneno yale yale. Usiongeze hasira wala swali jipya. Andika: "Asante kwa maelezo. Swali langu lilikuwa hili, naomba jibu lake." Kwenye vipindi vyetu msimamizi hurudia mara mbili, kisha anasema hewani kwamba swali halijajibiwa na tunaendelea. Tunaliandika hivyo kwenye kumbukumbu.

Nitajuaje kwamba akaunti ni yake kweli?

Tiki ya bluu haitoshi. Kwenye X, tangu 2023, mtu yeyote anaweza kuilipia, na Instagram na Facebook nazo zimeanza kuiuza. Angalia akaunti ilifunguliwa lini, kama imewahi kubadilishwa jina, na kama akaunti ya chama chake au ya chombo cha habari kinachojulikana inaitaja. Mgombea wa kweli haombi "hela ya kuchangia kampeni" kwenye ujumbe wa faragha kupitia namba ya simu ya mtu mwingine. Ukiombwa hivyo, kaa mbali na akaunti hiyo.

Nikiuliza, naweza kukamatwa?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na hatutalijibu kwa kukupa matumaini ya uongo.

Kuuliza ni haki yako. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inakupa uhuru wa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinamwadhibu mtu anayechapisha taarifa huku akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa hapa hapa Arusha alitiwa hatiani kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais. Alipewa faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka mitatu. Tunaona adhabu ya namna hiyo ni nzito kupita kiasi kwa maneno ya mtu wa kawaida, na tunasema hivyo bila kificho. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa mjini, iliamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria nyingine, ile ya Huduma za Habari ya 2016, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo mjadala haujafungwa. Hata hivyo, sheria iliyopo ndiyo utakayoshtakiwa nayo, na ni vyema uijue.

Kwa vitendo ni hivi. "Mgombea ni mwizi" ni tuhuma, na utatakiwa kuithibitisha. "Ripoti ya CAG ilitaja malipo yasiyo na nyaraka katika halmashauri uliyokuwa ukiiongoza, nyaraka hizo ziko wapi?" ni swali, na limesimama juu ya hati ya serikali. Usitumie neno la kumdhalilisha mtu, hata kama wenzako wote kwenye komenti wanalitumia. Usisambaze picha ya hati ambayo hujui ilikotoka. Hifadhi ulichoandika na ulichojibiwa, kwa picha ya skrini inayoonyesha tarehe.

Naweza kutumia jina bandia?

Kwetu ndiyo. Tunasoma swali kwa jina la mtaa au kata: "mkazi wa Kaloleni", "mkazi wa Kiborloni". Mwalimu, nesi au mtendaji ana sababu nzito za kutotaja jina, na swali lake halipungui uzito. Hatutunzi namba za simu baada ya kipindi kuisha. Ila jina bandia lisiwe kichaka cha kumtukania mtu; hayo hatuyasomi.

Nilimuuliza mgombea swali, chawa wake, yaani wapambe wake wa mtandaoni, wakanivamia. Sasa?

Usiwajibu. Chawa kazi yao ni kukutoa kwenye swali, wakikupata unatoa povu wameshinda, na mgombea ataonyesha lile povu lako kama sababu ya kutokujibu. Rudi kwenye swali mara moja, kisha nyamaza. Ukitishiwa maisha au picha zako zikisambazwa, piga picha ya skrini kabla hawajafuta, karipoti polisi, na usiende peke yako. Unyanyasaji wa mtandaoni nao ni kosa chini ya sheria ile ile ya 2015.

Mbona mnakataa maswali kuhusu ndoa na watoto wa wagombea?

Kwa sababu yanaulizwa wanawake tu. Mgombea mwanamume hatujawahi kuletewa swali kwamba nani anapika kwake akiwa kwenye kampeni. Mwanamke anakuja na mpango wa zahanati, watu wanamuuliza kwa nini aliachika, mavazi yake, umri wake, nani "anamweka mjini". Tumeona wanawake wenye uwezo wakifunga akaunti zao katikati ya kampeni kwa sababu ya hayo, na jimbo likabaki na chaguo pungufu. Hilo linatuuma.

Faragha ya mtu inalindwa na Ibara ya 16 ya Katiba, na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Ugonjwa, namba ya simu, picha za watoto, mahali anapoishi: hapana. Mpaka wenyewe si mgumu kuuona. Jambo la nyumbani linakuwa letu pale linapogusa mali ya umma, kwa mfano ndugu wa kiongozi anayepata zabuni ya halmashauri. Hilo uliza bila woga.

Msanii hajaomba kura yangu. Nina haki gani ya kumhoji?

Nyimbo zake ni zake. Mapenzi yake ni yake, na ubuyu, yaani umbea, hatuugusi. Lakini msanii anapopanda jukwaani uwanja wa Sheikh Amri Abeid na kukwambia umchague fulani, ameshaingia kwenye jambo lako. Mwulize: umelipwa au unaamini? Umesoma ilani yake? Utarudi mwakani kumuuliza ahadi zake?

Kwenye matangazo ndipo tungependa watu wawe wakali zaidi. Dawa za kupunguza tumbo, krimu za kung'arisha ngozi, kubeti, na hasa ile "fursa" ya kuweka pesa kidogo ukavuna mara mbili. DECI, mchezo wa upatu wa aina hiyo, iliporomoka 2009 na kuacha watu wengi wakilia, na miradi ya aina hiyo bado inarudi kila baada ya muda ikiwa na jina jipya na sura ya mtu tunayempenda. Kabla hujatuma pesa, uliza chini ya tangazo hilo hilo: hili ni tangazo la kulipwa? Wewe mwenyewe umeweka kiasi gani? Kampuni ina leseni ya Benki Kuu? Kama ni dawa, imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Akifuta komenti yako, piga picha ya skrini uiweke kwenye kundi la familia, kwa sababu shangazi yako ameshaliona tangazo hilo.

Michango ya kuchangia mgonjwa au msiba nayo ina maswali yake. Uliza kwa upole na heshima, lakini uliza: zimepatikana ngapi, zimelipwa hospitali au kwa nani?

Vipi msanii akigombea?

Anakuwa mgombea. Sugu aliingia bungeni kutoka Mbeya Mjini 2010, Profesa Jay kutoka Mikumi 2015, MwanaFA kutoka Muheza 2020. Nikki wa Pili, chalii wa hapa Arusha kutoka kundi la Weusi, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe 2021. Hawa wanatuonyesha kwamba njia ipo. Ila mashabiki wanapenda kumlinda msanii wao na maswali ya bajeti kana kwamba ni kumkosea adabu. Mpe heshima ya kumuuliza kama unavyowauliza wengine.

Nimwiteje mgombea?

"Ndugu mgombea" inatosha kwa wote. "Mheshimiwa" mwachie aliye madarakani. Kama ni mtu mzima, shikamoo moja inapendeza, kisha ingia kwenye swali. Salamu ndefu zinakula muda wa wengine. Dada, kaka, mama, yote sawa. Lugha ya mtaani ya Chuga, yaani Arusha, tunaipenda sana, ila kumbuka mgombea anaweza kujifanya hakuelewa.

Nimetumiwa sauti ya mgombea akikiri jambo zito. Nimuulize?

Si kabla ya kujua sauti ilitoka wapi. Akili mnemba sasa inatengeneza sauti na video zinazoaminika, na siku za mwisho kabla ya kupiga kura ndizo zinazopendwa kuzisambaza. Tafuta kama kuna chombo cha habari kilichoithibitisha, au mtu aliyekuwepo. Ukikosa, usiisambaze hata kwa kuandika "je, ni kweli?" Swali la namna hiyo ni kusambaza tu.

Mgombea ametoa vitenge na "nauli" baada ya kipindi. Ni sawa?

Si sawa. Mahakama Kuu ilibatilisha 2006 takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura zilizokuwa zikiitwa ukarimu, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inabana zawadi za namna hiyo. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapigiwa bure kwa namba 113.

Mtandao ukizimwa?

Umewahi kuzimwa. Oktoba 2020 mitandao kadhaa ilibanwa siku za uchaguzi. Mei 2025 X ilizuiwa nchini, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuhusu VPN, yaani programu za kupita vizuizi vya mtandao, jua kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliagiza wanaozitumia wazisajili. Tunachofanya sisi ni kuwahi. Vipindi vyote tunavimaliza mapema, majibu tunayachapa kwenye karatasi, na nakala tunazibandika kwenye maduka ya wanaokubali. Karatasi haihitaji bando.

Kipindi mubashara kinamaliza bando langu. Nifuatilieje?

Tunatuma muhtasari wa maandishi kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi yake. Sauti tunazikata fupi fupi, swali moja na jibu lake.

Mgombea akikataa kuja?

Tunamwalika kwa maandishi, tunampa tarehe mbadala, na tunamwambia maswali yatasomwa hata asipokuwepo. Kisha tunayasoma yote, moja baada ya jingine, na kila moja linapewa muda wake wa jibu, ukimya ukiwemo. Wapo walioanza kwa kukataa, wakasikiliza kipindi cha mpinzani wao, wakatupigia wenyewe.

Mama yangu hana simu janja. Naye anaweza kuuliza?

Anaweza, na tunamhitaji. Watu wa sokoni wanajua ushuru unakusanywa na nani, saa ngapi, na risiti inatolewa au haitolewi. Akuambie swali lake kwa Kiswahili, Kichaga, Kimeru au Kimaasai, wewe uliandike. Usilipambe. Akisema "mbona nalipa ushuru na choo kimefungwa", liandike hivyo hivyo, pamoja na jina la soko. Litume kama mkazi wa mtaa wake, si wako, na jibu likija msomee lote mpaka mwisho, kisha umuulize kama ameridhika. Akisema hapana, tuandikie tena. Tutalirudisha kwa mgombea kwenye kipindi kinachofuata.